Juu ya Neno "Masafa" katika Maelezo ya Kuweka Vipokezi vya Redio vya Intaneti

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo redio, neno moja limetwikwa mzigo mkubwa kuliko liwezavyo kuuchukua, nalo ni masafa. Msikilizaji wa nyumbani hadhuriki sana na jambo hili. Mtangazaji akimwambia "masafa mafupi, mita 25", au akimwambia "masafa ya 92.9", yeye huzungusha kitufe mpaka aisikie sauti aijuayo, sikio lake ndilo limsahihishalo. Lakini siku hizi kuna redio zisizo na kitufe cha kuzungusha, ambazo mwenye kuziweka hana budi kuandika tarakimu kabla hajasikia hata neno moja. Hapo ulegevu wa neno huwa kosa la kazi, wala si kosa la ufasaha tu. Nia ya makala haya ni kulichungua neno hilo mahali lijaribiwapo kwa ukali zaidi, yaani katika maelezo ya kuweka kipokezi kisikilizwacho kwa njia ya intaneti, na kusema ni maana ipi yafaa libaki nayo na zipi yafaa ziondolewe.

Kwanza yatupasa tukieleze chombo chenyewe. Katika redio ya zamani, kazi ya kuchagua stesheni moja na kuitoa sauti yake ilifanywa na vipande vya umeme vilivyofungwa ndani ya sanduku. Katika redio ya programu, sanduku hufanya kazi ndogo: hupokea mawimbi kutoka kwenye antena, huyapima mara nyingi sana kwa sekunde, na kuvitoa vipimo hivyo kama mfululizo wa tarakimu. Kazi iliyobaki hufanywa na kompyuta kwa hesabu. Na kwa kuwa tarakimu zaweza kugawanywa kwa watu wengi bila kupungua, ndipo lilipozuka wazo la kuwapa wasikilizaji wengi kipokezi kimoja, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake. Pieter-Tjerk de Boer wa Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede nchini Uholanzi, aliifanya kazi hiyo kwa programu yake iitwayo WebSDR, na mwaka 2008 kipokezi cha chuo hicho kilianza kusikilizwa. Baadaye András Retzler wa Hungaria aliandika OpenWebRX, ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, na Jakob Ketterl akaja kuiendeleza. Hii ya pili ndiyo nitakayoitumia kwa mfano, kwa sababu mtu yeyote mwenye kompyuta ndogo na kipokezi cha bei nafuu aweza kuiweka mwenyewe.

Sasa tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kwa miaka mingi redio ya Zanzibar ilijulikana ng'ambo kwa stesheni yake ya kilohezi 11,735, na watu wa Ulaya waliitafuta kwa vipokezi vya namna hii ili wasikie taarabu na habari za Kiswahili. Tukitaka kulieleza jambo hili kwa lugha ya kawaida, twaweza kusema, bila mtu kutushangaa, kwamba sauti hiyo ilisafiri masafa ya kilometa zipatazo 7,000 mpaka Enschede. Kwamba ilikuja kwa masafa mafupi, ya mita 25. Kwamba masafa yake yalikuwa kilohezi 11,735. Na kwamba kipokezi chaweza kuona masafa yote yaliyo kati ya kilohezi 10,600 na 13,000. Katika sentensi moja neno limetokea mara nne, na kila mara limetaja kitu kingine. Mara ya kwanza ni umbali wa nchi na nchi, nayo ndiyo maana lililotoka nayo katika Kiarabu. Mara ya pili ni urefu wa wimbi. Mara ya tatu ni hesabu ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Mara ya nne ni upana wa eneo baina ya mipaka miwili.

Neno kuwa na maana nne si ajabu. Maneno mengi mazuri yana maana zaidi ya hizo, na msomaji huzitambua kwa muktadha. Ubaya wa hapa ni kwamba maana ya pili na ya tatu zapingana. Wimbi hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde, halizidi wala halipungui njiani hewani. Kwa hiyo kadiri mitikisiko iongezekavyo, ndivyo urefu wa wimbi moja upunguavyo. Gawanya 300,000 kwa 11,735 utapata mita 25 na nusu, au zaidi kidogo. Basi anayesema "masafa mafupi" akikusudia wimbi, na anayesema "masafa makubwa" akikusudia mitikisiko, wote wawili wanataja stesheni ile ile. Mwanafunzi aambiwaye kwamba masafa mafupi yana masafa makubwa ana haki ya kufunga kitabu.

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Ukurasa wa mipangilio wa OpenWebRX humtaka mwenye kipokezi ajaze mambo kadhaa kwa kila eneo analotaka lisikilizwe. Humwuliza katikati ya eneo hilo ni wapi. Humwuliza sampuli ngapi zichukuliwe kwa sekunde. Humwuliza msikilizaji akifungua ukurasa aanzie kwenye stesheni ipi, na sauti ya stesheni hiyo imebebwa na wimbi kwa namna gani. Kwa mfano wetu, katikati yaweza kuwekwa hezi 11,800,000. Sampuli 2,400,000 kwa sekunde. Mahali pa kuanzia 11,735,000. Na namna ya kubeba ni AM. Hesabu ya sampuli ndiyo iamuayo upana: sampuli 2,400,000 hufungua dirisha la hezi 2,400,000, nusu yake chini ya katikati na nusu juu, na hapo ndipo ilipotoka ile mipaka ya 10,600 na 13,000. Tena si vema katikati kuwekwa juu ya stesheni yenyewe, kwa sababu vipokezi vya namna nyingi hutoa alama ya uongo katikati kabisa ya dirisha.

Fikiri basi mfasiri ameyaita mambo haya "masafa ya kati", "masafa ya sampuli" na "masafa ya kuanzia". Jina la kwanza tayari lina mwenyewe, maana watangazaji wetu huita hivyo mawimbi ya kati, yaliyo baina ya marefu na mafupi. Msomaji ataelekea kwenye kilohezi mia tano na kuendelea, ambako Zanzibar ya kilohezi 11,735 haionekani. La pili litamfanya aandike 11,735,000 mahali pa sampuli, na kipokezi cha bei nafuu chenye kipande cha RTL2832U, ambacho mwisho wake ni sampuli 3,200,000 kwa sekunde, kitakataa. Mtu huyo hakukosa akili wala bidii. Ametii maneno aliyopewa.

Jambo hili lina upande wa adabu pia. Katika OpenWebRX, msikilizaji akihama kutoka stesheni hii hadi ile ndani ya dirisha moja hamsumbui mtu. Lakini akibadili eneo, dirisha lenyewe huhama, na wote waliokuwa wakisikiliza kwa kipokezi hicho huhamishwa pamoja naye. Maelezo yasemayo "badilisha masafa" kwa matendo yote mawili humfundisha mgeni kuwanyang'anya wenziwe stesheni bila kujua. Yafaa la kwanza liitwe kutafuta stesheni, na la pili kuhamisha dirisha.

Dawa ni nini? Wako wapendao neno marudio kwa hesabu ya mitikisiko, na kwa asili ya neno hawakukosea, kwani wimbi hurudia mwendo wake. Lakini katika redio neno hilo limekwisha kushikwa: kipindi kilichotangazwa jana kikitangazwa tena leo huitwa cha marudio. Kuliingiza hapa ni kuondoa mkanganyo mmoja na kuleta mwingine katika nyumba ile ile. Wako pia wasemao frikwensi. Neno hili lina maana moja tu, na mafundi hulielewa, hata hivyo haliwezi kuliondoa masafa midomoni mwa watangazaji wa FM, ambao kila siku huwaambia wasikilizaji wao "masafa ya 92.9" au mfano wake. Kwa maoni yangu, matumizi hayo yamekwisha kushinda, wala si kazi ya mtaalamu kushindana na masikio ya nchi nzima. Masafa na yawe hesabu ya mitikisiko, na iwe hiyo tu.

Zile maana nyingine tatu hazitakosa makao. Kilometa ziitwe umbali. Mita za wimbi ziitwe urefu wa wimbi. Eneo baina ya mipaka miwili liitwe upana, au dirisha kama ni la kipokezi. Na sarufi yenyewe yatupa kipimo rahisi cha kumlinda mwandishi: kilicho kifupi au kirefu ni wimbi, kilicho cha juu au cha chini ni masafa. Tukishika kanuni hiyo, hatutasema tena masafa mafupi, bali mawimbi mafupi, usemi ambao wengi wetu tumekwisha kuuzoea, na ile kauli ya kumfungisha mwanafunzi kitabu itageuka kuwa elimu: mawimbi mafupi yana masafa ya juu.

Maneno mengine mawili ya kazi hii yastahili onyo. Programu hii husikilizwa kupitia namba 8073 ya kompyuta, na neno la Kiingereza litajalo namba ya jinsi hiyo ni lile lile la mahali merikebu zitiapo nanga. Kuliandika bandari ni kufasiri kamusi. Mlango wafaa zaidi, kwa kuwa mtu hupita hapo kuingia na kutoka. Vivyo hivyo kile kiasi cha kulikuza wimbi dhaifu kisiitwe faida, bali ukuzaji. Kipokezi tulichokitaja hupima kila sampuli kwa ngazi 256 tu. Mtu akidhani ni faida ataitaka nyingi, na stesheni yenye nguvu itazijaza ngazi zote na kuzifunika zile dhaifu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini wanachuo wa lugha wajisumbue na mambo ya mafundi. Jibu liko katika tabia ya mawimbi. Mawimbi mafupi huakisiwa angani na kufika mbali. Ndiyo maana Zanzibar iliweza kusikika Uholanzi. Mawimbi ya FM, ya megahezi 87.5 hadi 108, kwa kawaida hayavuki upeo wa macho mbali sana. Kiswahili kinenwacho katika stesheni ndogo za mwambao, za maziwa makuu na za bara, pamoja na lafudhi na misamiati ya kila mahali, hakitafika Enschede hata antena iwe nzuri namna gani. Atakaye kukisikia akiwa mbali, au kukihifadhi kwa uchunguzi, hana budi kuwa na kipokezi kilichowekwa pale pale kinenwapo. Kipokezi hicho kitawekwa na mwalimu au kijana wa mahali hapo, tena kwa maelezo atakayosoma. Maelezo yakiwa na neno moja kwa vitu vinne, atashindwa siku ya kwanza, na maneno tuliyotaka kuyasikia yatapita hewani kama yalivyopita ya jana.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila atakayeandika maelezo hayo kwa Kiswahili asiliache neno masafa bila tarakimu na hezi zake mbele yake. Mahali ambapo hezi hazikai, neno hilo halina kazi, na mwandishi atafute jingine.