Huria si Bure: Istilahi za Leseni za Programu

Katika kuipitia rasimu ya mwongozo wa kuchagua leseni za programu za kompyuta, iliyoletwa kwetu ili isanifiwe, tumeona kwamba mfasiri ametumia maneno 'bure', 'wazi', 'huru' na 'huria' kana kwamba yana maana moja. Kosa hili si la mtindo tu. Laweza kumpotosha mtumishi anayetaka kuwagawia wenzake msimbo alioutunga.

'Bure' huhusu bei. Leseni ya GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, haikatazi programu kuuzwa. Hudai kwamba anayeisambaza ampatie mpokeaji msimbo wake, pamoja na haki ya kuurekebisha na kuusambaza. 'Wazi' nalo halitoshi. Msimbo uonekanao na kila mtu, lakini usio na leseni, bado una mwenyewe: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huzilinda programu za kompyuta kama ilindavyo maandishi. 'Huru' husemwa zaidi kwa mtu au nchi isiyotawaliwa. Kwa hiyo twapendekeza 'huria', neno ambalo wananchi wamekwisha kulizoea bila kulichanganya na bei: mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria hulipa ada, na bidhaa za soko huria hununuliwa.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika aina za leseni. Mfasiri ameziita GPL na MIT 'leseni huru' zote mbili, asionyeshe tofauti ambayo ndiyo kiini cha uchaguzi wenyewe. MIT humtaka mtumiaji ahifadhi tamko la hakimiliki na la leseni. Zaidi ya hayo, aweza kuyaficha marekebisho yake na kuyauza. GPL humlazimisha anayesambaza programu iliyotokana na ile ya awali aitoe kwa masharti yale yale. Ya kwanza twapendekeza iitwe 'leseni nyepesi', maana 'legevu' lina harufu ya lawama. Ya pili 'leseni rithishi', kwa kuwa masharti yake hurithiwa na kila toleo litokanalo nayo.

Afisa atakayeisoma rasimu kama ilivyo huenda akachagua MIT, akidhani kwamba wote watakaoisambaza kazi yake watalazimika kuyafunua marekebisho yao. Atakapotambua kosa, nakala alizokwisha kuzitoa hazitarudi. Wafasiri na walimu wenye istilahi bora kuliko hizi tunawaomba watuletee.