Kufumua Bila Kuharibu

Programu ya After Effects ilitoka Januari 1993, kazi ya kampuni ndogo ya CoSA ya mjini Providence, Marekani. Leo ni mali ya Adobe. Anayeitumia hupanga leya juu ya leya: maandishi, nembo, picha, vivuli. Zikimzidi, huchagua 20 kwa mpigo, hubonyeza Ctrl, Shift na C, na zote huingia ndani ya fungu moja. Kuzitoa ndiko kugumu. Kwa miaka mingi programu yenyewe haikuwa na amri ya kulifumua fungu hilo, na waandishi wa skripti wakaitunga wenyewe.

Kazi yao inastahili sifa kuliko inavyopewa.

Tuseme mteja anataka jina la kipindi lipite katikati ya nembo na mandhari, na viwili hivyo vimeshafungwa pamoja. Msanii hubonyeza kitufe kimoja, na kufumba na kufumbua kila leya imetoka. Nyuma ya kitufe hicho pana hesabu. Kila leya inayonakiliwa kwa skripti hutua juu kabisa ya zilizopo, kwa hiyo mtunzi makini huanza na ya chini na kupanda, la sivyo mpangilio mzima hupinduka. Kisha huunda leya tupu, huipa mahali, ukubwa na mzunguko uliokuwa wa fungu, na kuzifungamanisha nayo leya zilizotoka ili zifuate mwendo wake. Muda nao husogezwa: fungu likiwa liliingia sekunde ya 4, leya zake hazina budi kuhesabu kuanzia hapo. Hatua zote hizo huwekwa ndani ya kundi moja la kutendua, ili Ctrl na Z mara moja tu irudishe kila kitu.

Mtihani mkubwa uko kwenye uwazi. Leya inayofuata nyingine hurithi mahali, ukubwa na mzunguko, uwazi hairithi. Chukua duara jekundu lenye neno jeupe juu yake. Fungu zima likipunguzwa hadi asilimia 50, wekundu haupenyi kwenye herufi. Lifumue, kila leya ipe asilimia 50 yake, na herufi zinageuka za waridi. Ndivyo ilivyo pia kwa ukungu uliopakwa juu ya fungu zima. Skripti bora husimama hapo na kumwonya msanii kwamba picha itabadilika, na kujua pa kusimama ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Anayeanza kutumia zana hizi ahifadhi kwanza nakala ya mradi na picha ya fremu moja. Akishafumua, aiweke picha hiyo juu ya fremu mpya kwa modi ya Difference. Skrini ikiwa nyeusi tupu, hakuna kilichopotea kwenye fremu hiyo. Likitokea doa lolote la rangi, atendue na kuliacha fungu lilivyokuwa.