Khadduri na Dhana ya Vita vya Daima

Mwanafunzi wangu mmoja aliyeko chuo kikuu alinijia na kitabu cha Majid Khadduri kiitwacho War and Peace in the Law of Islam, cha mwaka 1955. Swali lake: je, ni kweli kwamba asili ya uhusiano wetu na mataifa mengine ni vita, na sulhu ni mapumziko tu?

Khadduri si mtu wa kudharauliwa. Mzaliwa huyu wa Mosul alikuwemo katika ujumbe wa Iraq huko San Francisco mwaka 1945, ulipotungwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Aliijua vyema ibara ya 2(4) inayoikataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine au kutishia kuzitumia, na ibara ya 51 inayobakisha haki ya kujitetea iwapo shambulio la silaha limetokea. Mwaka 1966 aliifasiri kwa Kiingereza Siyar ya Imam Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani (aliyefariki 189 H), mwanafunzi wa Abu Hanifa. Kwa hilo tunamshukuru, ingawa alichofasiri ni milango ya Kitab al-Asl, si al-Siyar al-Kabir yenye sharhe ya Sarakhsi.

Kosa lake ni kuzichukua istilahi za dar al-Islam na dar al-harb akazifanya hukumu ya vita visivyokwisha. Anakiri kwamba kivitendo mambo yalibadilika, lakini nadharia anaiacha palepale. Istilahi hizo si nassi ya Qur'ani. Ni wasifu wa mafakihi kwa zama ambazo dola isiyo na ahadi nawe ilikuwa ni adui yako.

Mzizi wa suala ni illa ya kupigana: je, ni ukafiri au ni uadui? Jumhuri ya Hanafi, Maliki na Hanbali wamesema ni uadui, na ndiyo maana mwanamke, mtoto na mtawa hawauawi. Imam Shafi (r.a.), katika kauli yake iliyo mashuhuri zaidi, ameona ni ukafiri. Sisi watu wa pwani ni Mashafi, basi tusijifiche nyuma ya jumhuri. Kauli hiyo imo katika vitabu tunavyosomesha, na humo humo sulhu imewekewa ukomo wa miaka kumi kwa kukisia Hudaybiya ya mwaka wa 6 H. Mahanafi wameruhusu muda uzidi kwa maslaha. Marehemu Sheikh Wahba al-Zuhayli, katika Athar al-Harb, amesema asili ni amani. Namfuata yeye, japo mara nyingine huwasemesha maimamu wa kale kana kwamba nao walikuwa San Francisco.

Ambalo Khadduri hakulipa uzito ni ahadi. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba Muawiya (r.a.) alikuwa na ahadi na Warumi, akasogeza jeshi kuelekea nchi yao ili muda ukimalizika tu awashambulie. Akaja Amr bin Abasa (r.a.) juu ya farasi, akinadi kwamba ahadi hutimizwa, haivunjwi kwa hiana, akamsimulia hadithi ya Mtume (s.a.w.). Muawiya akarudi. Tazama: ahadi ilikuwa haijavunjwa bado, jeshi lilikuwa njiani tu! Na Al-Anfal aya ya 58 inamtaka anayekhofia hiana awarudishie wenzake ahadi yao waziwazi kwanza.

Ipimie hapo Marekani, iliyotangaza mwaka 2002 haki ya kumtangulia adui, kisha ikaivamia Iraq Machi 2003 bila azimio jipya la Baraza la Usalama. Kofi Annan mwenyewe alisema mwaka 2004 kwamba haikuafikiana na Mkataba. Lakini mizani hiyo hiyo ipimie Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, Mwislamu juu ya Mwislamu. Wengi wetu tuliopaza sauti mimbarini mwaka 2003 tulikuwa kimya mwaka 1990.

Mwanafunzi wangu nimemrudishia kitabu chake. Nimemwambia aanze na mlango wa amani na sulhu kwa Shaybani, katika tafsiri ya Khadduri huyo huyo, ndipo arejee kwenye kile cha 1955. Wallahu aalam.