Ambari ya Duka la Nguo

Manukato yaitwayo Red Temptation ni bidhaa ya Zara, kampuni ya nguo ya Kihispania iliyofungua duka lake la kwanza katika mji wa A Coruña mwaka 1975. Pwani hufika aghalabu ndani ya masanduku ya wasafiri watokao Dubai na Maskati, yakawekwa kabatini ubavuni mwa kichupa cha mafuta ya udi. Vijana huyapenda. Baadhi ya wajuzi wa manukato huyabeza kwa hoja mbili: kwamba ni rahisi, na kwamba ni nakala. Hoja ya kwanza ni ya mfuko, si ya pua, wala uhakiki hauna haja nayo. Ya pili yastahiki kupimwa.

Asili inayotajwa ni Baccarat Rouge 540, utungo wa Francis Kurkdjian wa Ufaransa. Ulibuniwa kuadhimisha miaka 250 ya kiwanda cha vioo cha Baccarat, kilichoasisiwa mwaka 1764. Kwanza zikatolewa chupa 250 tu, kisha mwaka 2015 ukauzwa kwa watu wote. Ndani yake mna zafarani, asumini, mbao na ambari. Chupa ya mililita 70 hupita euro 200. Ile ya duka la nguo haifiki hata sehemu ya tano ya thamani hiyo.

Yakipulizwa, manukato haya ya Zara huanza na zafarani kavu, yenye uchungu kidogo. Mara hufuata sukari iliyoungua, na hapo pua ya Pwani haina ugeni, kwani ni harufu ya sufuria ya halua inapokaribia kuepuliwa. Ni joto, ni tamu, ni karimu. Mwanzo huo ni mzuri, na asiyeukubali hatendi haki. Aibu yake iko katika yanayofuata, maana hakuna yanayofuata. Katika utungo wa Kurkdjian, baina ya utamu na mbao mna nafasi ya kupita upepo. Harufu hutoweka, kisha ikarudi mtu ashasahau. Hapa utamu hujaza chumba kizima na kukaa palepale hadi utakapochoka. Ni shairi ambalo mshororo wake wa kwanza ndio huo huo kimalizio.

Utamu huu una historia. Vanilini ilitengenezwa na wanakemia wa Kijerumani mwaka 1874, na tangu hapo harufu ya vanila haikuhitaji tena kungojea ua lichavushwe kwa mkono na tunda likaushwe. Shalimar ya Guerlain, ya mwaka 1925, iliupa utamu huo heshima ya jioni. Angel ya Thierry Mugler, iliyotungwa na Olivier Cresp mwaka 1992, ikaleta sukari ya kuungua waziwazi, kwa kemikali iitwayo etili maltoli. Kilichokuwa ujasiri mwaka ule leo ni desturi ya maduka yote.

Ambari nayo ina safari ya ajabu zaidi. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanji katika karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari hii. Ilitoka katika matumbo ya nyangumi, ikatupwa ufukweni, ikaokotwa na kupelekwa kwa wafalme wa mbali. Ambari ya siku hizi, katika chupa ya ghali na ya rahisi, karibu yote ni ya maabara. Namna yake mashuhuri, ambroksani, huweza kutokana na mmea wa jamii ya mnanaa. Basi anayemcheka binti kwa kujipaka ambari ya uongo na aulize kwanza ya kweli iko katika chupa ya nani.

Je, kunakili ni kosa? Mwezi Juni 2006, mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba harufu ya manukato ni zao la ujuzi wa fundi, si utungo wa kulindwa kwa haki ya mtunzi. Mwezi huohuo mahakama ya juu ya Uholanzi ikaamua kinyume chake. Washairi wa Kiswahili wana hukumu ya zamani kuliko hizo, nayo ni takhmisi. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaongeza mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa ameongeza. Kwa mizani hiyo Red Temptation imepungukiwa, kwani imechukua miwili ya mwenzake, wala haikuongeza hata mmoja.

Lakini manukato, tofauti na shairi, hayakamiliki chupani. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, aliyahesabu manukato kuwa ni katika adabu za nyumba. Kwa desturi ya Pwani, kunukia hakujawahi kuwa jambo la chupa moja. Nguo huvukizwa udi juu ya chetezo, mwili ukapakwa mafuta, kifuani kikatungikwa kikuba cha asumini na mkadi. Hiyo ndiyo mishororo mitatu iliyokosekana. Moshi wa udi huupa utamu ule uchungu unaouhitaji, na asumini mbichi huupa pumzi.

Mtu wa kipato kidogo akifanya hivyo, hanuki kama tajiri wa Paris, wala hana haja. Takhmisi ameikamilisha mwenyewe, naye hunukia kama mtu wa kwao.