Nyumba ya Kandt na Kitenzi "Kuanzisha"

Kwa mwalimu wa Kagugu, kaskazini ya Kigali, safari ya kuwaonyesha wanafunzi mambo ya kale ya mji si ndefu. Mara nyingi huishia Nyarugenge, katika nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyefanya makao yake hapo mwaka 1907. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho.

Yafaa kwanza kuyasifu makumbusho hayo. Sehemu ya mwanzo huonyesha maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni. Ndipo hufuata utawala wa wageni na historia ya mji wenyewe. Mpangilio huu ni wa haki. Hata hivyo, mwanafunzi akiulizwa alichojifunza, hujibu kwa sentensi moja: "Kandt alianzisha Kigali."

Sentensi hiyo ni safi kisarufi, lakini maana yake ina upungufu. Kitenzi "kuanzisha" kimempa mtendaji mmoja kazi ya watu wengi. Mlima Kigali, ulioupa mji jina, uliitwa hivyo kabla Kandt hajafika. Tena boma halikujijenga. Palikuwapo askari, wapagazi, mafundi na wafanyabiashara, wengi wao wakisema Kiswahili, lugha iliyotumika katika utawala wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani.

Nyayo zao zi wapi? Ziko Biryogo, katika mji huu huu. Huko ndiko uliko msikiti wa Al-Fatah, ambao asili yake ni mwaka 1913, nao huhesabiwa kuwa wa kwanza nchini Rwanda. Wabelgiji, waliotwaa nchi mwaka 1916, waliwatenga Waislamu katika mtaa wao, ukajulikana kama kambi ya Waswahili. Utengano huo uliacha kovu katika lugha. Hata leo, katika vinywa vya baadhi ya watu, neno la Kinyarwanda "umuswahili" humaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Mwanafunzi wetu huingia darasani na maana hiyo kabla hajajua ngeli hata moja. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini sheria peke yake haiondoi dharau iliyokwisha kuota mizizi.

Kwa hiyo ziara isikome kwa Kandt. Hapana budi ifike Biryogo. Aliyekwisha kuona milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar huenda asivutiwe na nyumba za huko. Lakini mwanafunzi atakayetembea katika mtaa huo atatambua kwamba lugha anayofundishwa ina makazi ya zamani katika mji wake.

Wakisharudi Kagugu, wanafunzi waandike upya sentensi ile. Watumie vitenzi kujenga, kubeba, kuuza, kulinda na kuhamia, na kila kitenzi kipewe mtendaji wake.