Picha Moja ya Mwarabu

Picha ya Tippu Tip mwenye kilemba, joho na ndevu za mvi nimeikuta katika vitabu vya historia tangu nianze kufundisha Musoma. Kwa usanii ni nzuri: mkao wa bwana mkubwa, uso usioomba radhi. Kasoro yake ni kuachwa peke yake. Mfanyabiashara huyo wa pembe na watumwa alifariki Unguja mwaka 1905. Lakini mtoto wa Bunda au Butiama akifunga kitabu, humwona yeye katika Mwarabu anayempimia sukari dukani. Utumwa usifichwe hata kidogo. Ila kando yake mtunga kitabu aweke picha ya duka lile, mizani, na watoto wa mwenye duka wamevaa sare pamoja na wenzao.