Sikinde au Msondo? Sikiliza Gitaa la Pili

Ubishi juu ya muziki wa mwanzoni mwa miaka ya themanini haujaisha Kagondo, iwe ile ya Muleba au ile ya Manispaa ya Bukoba. Wapenzi wa roki nzito huko Ulaya na Marekani hubishana kwa albamu: AC/DC walitoa Back in Black mwaka 1980, Iron Maiden wakatoa The Number of the Beast mwaka 1982, na kila mtu ana jalada lake la kutetea. Sisi tulikuwa na redio. Hoja yetu ni Juwata Jazz, yaani Msondo, au Mlimani Park, yaani Sikinde, na mara nyingi mshindi anaamuliwa kwa jina la mwimbaji.

Kipimo hicho hakifai, maana waimbaji walihama mno. Muhiddin Gurumo alitoka Juwata akaenda kuianzisha Mlimani Park mwaka 1978, na mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound. Hassani Bitchuka naye aliimba kote kuwili. Shaaban Dede, mtu wetu wa Kagera, alipita Juwata, Mlimani na Bima Lee. Ukisema Msondo ni bora kwa sababu ya Dede, mwenzako wa Sikinde atakujibu kwa Dede huyo huyo. Tuangalie basi nyimbo zenyewe zilivyopangwa na zilivyorekodiwa.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, kwa hiyo njia ya kwenda kurekodi Nairobi ilikuwa ngumu. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Pale wanamuziki wote walipiga kwa pamoja, wimbo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpiga tumba akikosea, au mwimbaji akisahau ubeti, mnaanza upya nyote. Fundi mitambo alisawazisha sauti papo hapo. Kilichoingia kwenye kanda ndicho kilichokwenda hewani.

Linganisha na AC/DC. Walikwenda studio ya Compass Point, Bahamas, na mtayarishaji wao, Robert John Lange, mzaliwa wa Mufulira, Zambia. Kwa mitambo ya namna ile, kila chombo huwa na njia yake kwenye kanda, kwa hiyo sauti hurudiwa peke yake na gitaa hupandishwa baada ya wapigaji kuondoka. Studio ndiyo inayotenganisha vyombo. Dar es Salaam, kazi hiyo ya kutenganisha ilibidi ifanywe na mpangaji wa muziki kabla bendi haijaingia studio. Magitaa matatu yakipiga mahali pamoja, hakuna kitufe cha kuyaokoa.

Hapa ndipo Mlimani Park walipowazidi wenzao. Mpangaji wao, Michael Enoch, alikuwa amepiga gitaa la solo Dar es Salaam Jazz kabla ya kushika saksafoni, kwa hiyo alijua gitaa linahitaji nafasi kiasi gani. Tafuta Neema, wimbo wa Cosmas Chidumule. Mara ya kwanza fuata sauti yake. Mara ya pili achana naye kabisa, sikiliza magitaa tu. Rithim linashikilia wimbo, solo linatamka kifungu kifupi kisha linanyamaza, na gitaa la pili linaingia palepale penye ukimya. Besi nalo halijazi kila pigo. Linaacha matundu, na tumba linapumua humo. Iron Maiden pia walikuwa na wapiga solo wawili, lakini wao mara nyingi huyapeleka magitaa sambamba, tuni moja kwa sauti mbili. Ya Sikinde yanapokezana. Wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, kupokezana huko kunakuwa injini ya dansi yote, na bado unasikia kila kidole.

Najua atakayenitajia Agwaya ya Orchestra Makassy. Hiyo ilikuwa albamu kweli, ilirekodiwa Nairobi na kutolewa na Virgin ya Uingereza mwaka 1982, na sauti yake ni safi kuliko chochote kilichotoka Radio Tanzania miaka ile. Naipenda sana. Lakini usafi huo ni sifa ya studio, na sisi tunapima bendi.

Msondo wana hoja moja nzito, nayo ni Said Mabera. Solo lake lina mlio unaokata, unalijua ndani ya sekunde chache, na Juwata walijua kuliachia uwanja. Kwa mpiga solo mmoja, nawapa Juwata bila kusita. Tatizo ni kwamba wakati Mabera anang'ara, vyombo vingine mara nyingi vinamsindikiza tu.

Kwa upangaji wa muziki, basi, Mlimani Park ya 1978 hadi 1985 ndiyo bendi bora ya kipindi kile. Wewe wa Msondo, usinijibu kwa jina la mwimbaji. Nitajie wimbo mmoja wa Juwata wa miaka hiyo ambao gitaa la pili linafanya kazi sawa na solo, nami nitausikiliza kwa heshima zote.